Jezi namba 14

Jumatano ya tarehe 25 Mei 2005 niliingia banda la video pale Kondele nikiwa nimenuna. Usiku huo ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na AC Milan. Nilikuwa kidato cha tatu, na kocha wetu, ambaye sote tulimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, alikuwa amenitoa namba kumi akanirudisha chini nicheze kiungo mkabaji. Niliona ni adhabu. Kisumu nzima watoto walijiita majina ya washambuliaji. Sikuwahi kusikia hata mmoja akijiita jina la mkabaji.

Japuonj alitulipia kiingilio wachezaji wanne, akaniketisha karibu naye kwenye benchi la mbele. "Leo usitazame mpira," akaniambia. "Mtazame yule namba 14 wa Liverpool, basi."

Huyo alikuwa Xabi Alonso. Maldini alifunga dakika ya kwanza, Crespo akaongeza mawili, na kabla ya mapumziko Milan walikuwa mbele 3-0. Kaká alipita katikati apendavyo. Watu wengi wakatoka. Nami nilitaka kwenda, kesho yake ilikuwa shule, lakini Japuonj hakuinuka. Kiungo Hamann alipoingia kipindi cha pili, Japuonj alinigusa gotini kwa kidole: "Sasa Alonso amepata mwenzake. Utaona Gerrard anapanda."

Gerrard akapanda, akafunga kwa kichwa. Lakini kwa mara ya kwanza macho yangu yalikuwa kwingine. Kila mpira ulipokuwa njiani kumfikia, Alonso aligeuza kichwa: bega la kulia, bega la kushoto, ndipo apokee. Ukimfika mguuni, tayari anajua pa kuupeleka. Mimi siku zote nilipokea kwanza, nikatafuta baadaye, na nilikuwa nikinyang'anywa kila mara bila kuelewa kwa nini.

Smicer akafunga la pili. Kisha penalti, mpigaji Alonso. Dida akaipangua, na kabla hatujamaliza kusikitika, Alonso alishaufuata mpira na kuupachika sehemu ya juu ya nyavu kwa mguu wa kushoto. Mabao matatu katika dakika sita! Benchi likapinduka, tukalaliana sakafuni. Japuonj akanivuta sikioni: "Umeona miguu yake? Haikusimama kungoja jibu la kipa."

Liverpool walibeba kombe kwa mikwaju ya penalti, saa sita ikiwa imeshapita. Boda boda za baiskeli zilikuwa zimeshalala, tukatembea hadi Manyatta tukiimba.

Kesho yake mazoezini, Japuonj alisimama nyuma yangu, mwenzangu akanipigia pasi kutoka mbele. Kabla mpira haujanifika ilinibidi nitaje Japuonj ameinua vidole vingapi. Nilikosea mara nyingi mno. Giza lilipoanza kuingia nikapata vitatu, nikapata viwili, nikapata vitano mfululizo, naye akapiga filimbi ya kumaliza bila kusema neno. Namba kumi sikuiomba tena.

Leo mimi ni kocha wa watoto, na Alonso namheshimu zaidi kwa njia aliyopita kufika kwenye ukocha. Mtu aliyebeba Kombe la Dunia 2010 alikubali kukaa miaka mitatu na timu ya pili ya Real Sociedad, akifundisha vijana. Oktoba 2022 akaichukua Bayer Leverkusen ikiwa ya pili kutoka mkiani. Aprili 2024 wakawa mabingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao, na wakamaliza mechi zote 34 za ligi bila kupoteza hata moja.

Jioni ile ya ubingwa nilimpigia Japuonj. Macho yake yamefifia, televisheni haioni tena vizuri, nikamsimulia yote kwa simu. Akasikiliza, kisha akauliza, "Viungo wake wanachungulia?"

Nikamwambia Xhaka hapokei mpira kabla hajatazama mabega yote mawili.

"Na watoto wako?"

Nikamwambia wamefika vidole vitatu.