Kioo cha ghala la Git: anza na --bare, si --mirror

Kioo ni nakala ya ghala inayosasishwa yenyewe kwenye seva nyingine; hapa tunatoka GitHub kwenda GitLab. Miongozo mingi itakuambia uanze na `git clone --mirror`. Amri hiyo huvuta kila kitu kilicho chini ya refs/ (majina yanayoelekeza kwenye commit, kama matawi na tagi), pamoja na refs/pull/ za GitHub (za pull request). Ukija kusukuma nakala hiyo kwenye ghala jingine la GitHub, unakataliwa: "deny updating a hidden ref". Kubadilisha mipangilio baadaye hakusaidii sana, maana zile refs zimeshakaa kwenye diski. Mimi naona heri kutumia `--bare`, inayochukua matawi na tagi tu, bila mafaili ya kufanyia kazi. Ukiwa ndani ya /srv:

```
git clone --bare git@github.com:mradi/kazi.git
cd kazi.git
git config --add remote.origin.fetch '+refs/heads/*:refs/heads/*'
git config --add remote.origin.fetch '+refs/tags/*:refs/tags/*'
git remote add kioo git@gitlab.com:mradi/kazi.git
```

Sasa skripti, matawi na tagi tu:

```
#!/bin/bash
set -e
cd /srv/kazi.git
git fetch --prune origin
git push --prune kioo '+refs/heads/*:refs/heads/*' '+refs/tags/*:refs/tags/*'
```

Usiache `set -e`: kuvuta kukishindikana, kusisukumwe chochote. Kwenye crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha), kila dakika 10:

```
*/10 * * * * flock -n /tmp/kazi.lock /opt/kioo.sh
```

`flock` inazuia zamu mbili kupandana mtandao ukiwa mzito.

Skripti ikifanya kazi kwa mkono lakini ikagoma kwenye cron, tatizo mara nyingi ni SSH. Ufunguo una nywila na cron haina wa kuiandika, au known_hosts (orodha ya seva zinazoaminika) ya mtumiaji anayeendesha cron haina seva ya pili. Tumia ufunguo wa ghala hilo pekee, wenye ruhusa ya kuandika. Kosa jingine huja mtu akifanya rebase (kuandika upya historia ya tawi) kwenye chanzo: GitLab hulinda tawi kuu, hivyo hukataa kusukumwa kwa nguvu mpaka uruhusu kwenye mipangilio ya tawi.

Alama ya + maana yake ni kwamba kazi iliyoingizwa moja kwa moja kwenye kioo itafunikwa kimyakimya, basi funga mlango huo kwa watu wote. Na `--prune` hunakili hata ufutaji: tawi likifutwa kwenye chanzo, baada ya dakika 10 halipo pande zote mbili. Kwa hiyo weka akiba pembeni, mara moja kwa wiki:

```
git bundle create /akiba/kazi-$(date +%F).bundle --all
```

Iandike ndani ya skripti yake ya pembeni, inayoanza na `cd /srv/kazi.git`, kwani crontab huisoma % kama mstari mpya.

Mafaili ya LFS (makubwa, yanayohifadhiwa nje ya historia ya Git) hayafuati. Ongeza `git lfs fetch --all origin` na `git lfs push --all kioo`. Kuhakiki:

```
diff <(git ls-remote --heads --tags origin) <(git ls-remote --heads --tags kioo)
```

Isipotoa neno, matawi na tagi za pande mbili zinalingana.