Nilivyosomea tiba ya upumuaji Marekani, na ushauri wote nilioutupa njiani

Nianze na shangazi yangu, maana ndiye aliyenichosha kuliko wote. Kila nikimpigia simu ana neno moja: somea unesi. "Hiyo kazi ya kuwafungulia watu oksijeni, mwanangu, si hata mlinzi ataifanya?" Wala hakuwa peke yake. Hapa California nilikuwa msaidizi wa wauguzi, na wenzangu wote walikuwa na njia moja tu vichwani: usaidizi, unesi, nyumba. Mtaalamu wa tiba ya upumuaji hakuna aliyemtaja. Lakini mimi nilikuwa nawaona usiku wodini. Mgonjwa akianza kubadilika rangi midomo, huyo wa upumuaji ndiye anayetafutwa mbio, na akiingia watu wanampisha kichwani mwa kitanda. Nikasema hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Masomo ya awali (anatomia, kemia, mikrobaiolojia na hesabu) sina la kusimulia, ni kukaa chini na kusoma. Programu yenyewe ni miaka 2 chuoni, mchana darasani na siku nyingine hospitalini. Hakikisha tu chuo kimeidhinishwa na CoARC, ndiyo tume ya programu hizi, la sivyo mtihani wa taifa utausikia kwa wenzako. Ada ilinitoka elfu kadhaa za dola, na vitabu vikanimalizia kilichobaki mpaka nikajifunza kununua matoleo ya nyuma. Fiziolojia ya mapafu haijabadilika tangu mwaka juzi.

Kilichowatoa jasho wengi darasani kwetu ni kuchoma ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Damu ya kupima gesi huchukuliwa mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, na kabla hujagusa sindano unambana mgonjwa ateri zote mbili huku amefumba ngumi, anafungua kiganja kimepauka, unaachia ile ya upande wa kidole cha mwisho na kutazama kama rangi inarudi upesi. Hiyo kila mtu aliijua. Tatizo lilianza kwenye kuchoma kwenyewe, na ushauri uliokuwa ukizunguka ni "tazama mshipa vizuri kabla hujachoma". Utatazama nini? Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, unaiona; ateri unaisikia kwa vidole. Aliyezoea kutoa damu maabara ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta kitu cha bluu ambacho hakihusiki.

Mimi nikageuza nyumba kuwa chuo. Yeyote aliyekaa karibu nami, mkono wake si wake. Nafumba macho, naweka ncha za vidole viwili, natafuta pale mapigo yanapogonga katikati ya ncha na si pembeni yake, halafu nasogea kidogo kidogo kuelekea kiwiko mpaka nijue ateri inapita upande gani. Watu walichoka, wakaanza kukaa wamekunja mikono. Lakini nilipopewa mgonjwa wa kweli, mzee mwenye mikono iliyovimba hata saa haimkai, nilifumba macho palepale mbele ya mkufunzi. Nadhani alifikiri naomba dua. Sindano ikaingia kwa mshazari wa nyuzi 45, taratibu, na damu nyekundu ikapanda yenyewe ikisukuma pistoni ya sirinji bila mimi kuivuta. Hapo ndipo unajua ni ateri. Ukitoa, bana kwa dakika 5 au zaidi kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usimwachie mgonjwa abane mwenyewe, ataangalia televisheni.

Sasa nifike kwenye futi, maana hii ndiyo iliyonipa jina.

Mashine ya kupumulia lazima uiambie isukume hewa kiasi gani kwa kila pumzi. Kiasi hicho hakifuati uzito wa mgonjwa, kinafuata urefu wake. Mtu akinenepa kilo 50 mapafu yake hayaongezeki hata kidogo. Kwa mwanamke unachukua urefu kwa sentimita, unatoa 152.4, unazidisha kwa 0.91, unaongeza 45.5. Kwa mwanamume unaongeza 50. Hizo ndizo kilo unazotumia, na mapafu yakiwa yameumia vibaya unaanza kwa mililita 6 kwa kila kilo. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani wa wagonjwa 861: waliopewa mililita 6 walikufa asilimia 31, waliopewa 12 walikufa karibu asilimia 40. Darasa zima tulizijua namba hizo. Shida ni kwamba hesabu yote imekaa juu ya urefu, na urefu kwenye faili mara nyingi mtu ameukadiria tu akiwa mlangoni.

Basi nikanunua futi ya fundi cherehani, ile laini ya kukunja, nikaitia mfuko wa koti. Wenzangu wakacheka wee. "Unakuja kushona suruali?" Siku moja tukawa ICU, wodi ya mahututi, mwanamama mzito, kitanda kinaonyesha kilo 110, faili linasema urefu sentimita 175. Nikamtazama alivyolala: miguu ilikuwa mbali sana na mwisho wa kitanda. Nikamwomba nesi anishikie ncha ya futi kisiginoni, nikaivuta mpaka utosini. 160! Kwa urefu wa faili alikuwa anasukumiwa mililita 400 hivi. Kwa urefu wake halisi alistahili kama 314. Zaidi ya mililita 80 za ziada kila pumzi, mchana na usiku, na presha ya mapafu yakiwa yamejaa ilikuwa inasoma 33 wakati tunataka isivuke 30. Nikamwambia mkufunzi, mkufunzi akamwambia daktari, daktari akaja, akaniomba futi, akapima tena mwenyewe. Wakapunguza, mashine wakaiongezea idadi ya pumzi kwa dakika, na presha ikashuka chini ya 30. Kuanzia hapo nikaitwa Fundi, na waliocheka wakaanza kuazima. Futi ya kwanza haikurudi mpaka leo.

Jambo jingine wanalolichukulia kirahisi ni mtungi. Ile mitungi midogo ya saizi E ya kusafirishia mgonjwa ina namba yake, 0.28. Soma presha kwenye geji kwa psi, toa 200 za akiba, zidisha kwa 0.28, gawa kwa lita unazotumia kwa dakika, umepata dakika zako. Tulikuwa tunampeleka mgonjwa kupigwa picha, nabana mfuko wa hewa kwa mkono, oksijeni lita 15, geji inasoma 1000. Mbeba machela ananihimiza: "Twende, upo nusu." Nusu ya nini? Hizo ni dakika kama 15, na lifti ya jengo lile peke yake ingekula tano. Nikagoma mlangoni, mwanafunzi mimi, mpaka mtungi ukabadilishwa. Mtungi mpya wa 2200 unakupa kama dakika 37. Tulikwama chini tukisubiri mashine ya picha iwe tupu, na hakuna aliyenihimiza tena.

Mkono uliniuma hadi jioni. Mkufunzi akanisimulia habari za Copenhagen mwaka 1952, polio ilipolipuka na mashine zikawa hazitoshi, daktari Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo na kupumulishwa kwa mkono. Mamia ya wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu wakibana mifuko, usiku na mchana, wiki kwa wiki. Nikanyamaza na mkono wangu.

Haya, mitihani. Ipo miwili, yote ya NBRC, bodi ya taifa ya tiba ya upumuaji, na ilininyonya kama dola 400 ukijumlisha. Wa kwanza, TMC, ni maswali 160 kwa saa 3. Ukivuka alama ya chini unapata cheti cha CRT, ukivuka ya juu unaruhusiwa kwenda wa pili, CSE, na ukishinda huo unakuwa RRT, cheti cha juu. Ndugu wa majimbo mengine walinishauri nichukue CRT niingie kazini, hayo mengine baadaye. Kwao sawa. California tangu 2015 leseni mpya ni kwa RRT tu, kwa hiyo uliza bodi ya jimbo lako, usiulize binamu.

CSE ndiyo ilitaka kunivua nguo. Unapewa wagonjwa 22 kwenye kompyuta, saa 4. Kuna sehemu za kukusanya taarifa, unachagua vingi, na sehemu za uamuzi, unachagua kimoja. Jamaa mmoja aliyefaulu kabla yetu alinihakikishia: "Kwenye taarifa chagua vyote, alama hazipungui." Nikaufuata kwenye mtihani wa majaribio chuoni. Maskini mgonjwa wa kompyuta kaingia anahema juujuu, kabadilika rangi, na mimi namwagizia kuoteshwa kwa makohozi, picha kubwa ya kifua, na kipimo kamili cha mapafu ambacho lazima mtu apulize kwa nguvu zake zote. Alama za sehemu ile zilikuwa chini ya sifuri. Mkufunzi akaandika pembeni: "Amefia kwenye foleni ya vipimo."

Kumbe kila chaguo lina alama yake, na kinachomchelewesha mgonjwa kinakata. Nikabuni dawa yangu. Nikawa nafunika machaguo kwa karatasi, nasoma habari ya mgonjwa, natamka kwa sauti ningetaka nini kama nimesimama naye: macho yanaona nini, kifua kinasikika vipi, kidole kinasoma oksijeni ngapi. Ndipo nafunua na kuchagua hivyo tu, basi. Na ukiambiwa daktari hakukubali, chagua kingine, usipaniki. Si lazima uwe umekosea. Nilifaulu. Sikuvuka kwa kuchechemea, nilivuka na alama za kubakiza.

Leseni ndiyo iliyonichelewesha, si mitihani. Alama za vidole zinatakiwa, nyaraka za chuo zinatakiwa, na ofisi hazina haraka yako. Zianze mapema. Hospitali niliyoipata ilinipa usiku, na shangazi nilipompigia kumwambia mshahara aliuliza kama bado wanachukua watu.