Kibali cha mwembe

Mvua za El Nino ziliuacha mwembe wa jirani yetu pale Magomeni, Dar es Salaam, umeinamia upande wa choo, na mwaka 1998 jirani akaamua kuukata. Akaleta vijana wawili na mashoka. Bahati mbaya kwake, babu alikuwa kwetu, kaja kutoka Wete, Pemba, kutibiwa macho.

Babu alistaafu akiwa msimamizi wa mikarafuu ya serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja na Pemba ilishikwa na serikali. Watu wakagawiwa eka tatu tatu, mashamba mengine yakabaki chini ya wizara. Karafuu ndiyo iliyoilisha nchi. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, na aliyevusha gunia usiku kwenda Kenya alihesabiwa mhujumu. Msimu ukifika hata watoto wa shule walitolewa madarasani kwenda kuchuma. Wachumaji walilipwa kwa pishi, usiku watu wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, asubuhi karafuu zinaanikwa majamvini. Na mkarafuu haukatwi bila ruhusa, hata kama umeota mlangoni kwako.

Basi aliposikia shoka, akatoka na kikoi chake.

"Shikamoo mzee," jirani akasema.

"Marahaba. Kibali unacho?"

"Kibali cha nini tena, mzee wangu? Kiwanja changu hiki."

"Kiwanja chako, sawa. Mti je?"

Jirani akabaki anamtazama. Kwao babu si swali la ajabu: Pemba mtu anaweza kumiliki mti uliosimama kwenye ardhi ya mwenzake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nijifiche. Babu akasogea hadi kwenye shina, akakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ukatokea ujani mbichi, wenye utomvu. Macho yenyewe yana ukungu, lakini pale hakukosea. Akawaonyesha wale vijana kidole chake. "Huu mzima. Nani kaupima?"

Kijana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wa manispaa?"

"Wa Wizara ya Kilimo," babu akajibu. Hakusema ya wapi, wala hakusema kwamba kastaafu.

Mashoka yakawekwa chini. Mjumbe akaitwa; naye, kwa kuwa hakutaka lawama, akasema kazi isimame kwanza. Wakati ule bei ya karafuu ilikuwa imekwisha kuporomoka, maana Indonesia, mteja mkubwa wa zamani, ilikuwa sasa inajilimia zake. Mti aliokuwa akiulinda ujana wake wote haukuwa tena na thamani ile, lakini kibali kilikuwa bado kimo kichwani mwake. Na sioni kama alikosea sana. Mtaa wetu wakati ule ulikuwa na kivuli.

Babu alipopanda boti, mwembe haukumaliza wiki. Baadaye akatuma salamu kwa mtu, akiuulizia. Mama akajibu kwamba unazaa vizuri, na kuthibitisha akampelekea kikapu cha dodo, alizonunua Kariakoo.