Kilichomo kwenye kikapu changu

Jumamosi jioni, nimetoka sokoni. Leo nataka kuandika juu ya vitu ninavyotembea navyo kila siku hapa Dar, maana vimenifanya nipunguze takataka kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia.

Cha kwanza ni kikapu chenyewe, cha ukili. Ukikitazama kwa karibu unaona ni utepe mmoja mrefu wa miyaa, umezungushwa kuanzia kitako hadi mdomoni na kushonwa ubavu kwa ubavu. Mkono wake mmoja ulikatika, mama akaushona upya kwa kamba ya katani, na sasa huo ndio mkono imara zaidi. Siku kikichakaa kabisa kitaozea shambani kwake, chini ya migomba.

Nakipenda zaidi kila nikiona ile mifuko mbadala. Rambo, yaani mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019 (Zanzibar walishatutangulia), wengi tulihamia kwenye mifuko ile inayofanana na kitambaa. Ni afadhali, kwa kuwa unaweza kuitumia tena na tena. Lakini si kitambaa: ni polipropilini, jamii ileile ya plastiki inayotengenezewa viti na ndoo, ila imevutwa ikawa nyuzi na kugandishwa kwa joto. Ikikaa juani muda mrefu inaanza kupukutika. Naumia kumwona mtu ananunua mpya kila akienda gengeni wakati nyumbani amejaza rundo zima chini ya kitanda.

Hata pamba ina hesabu yake. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliokadiria kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mchango wake katika joto la dunia ulingane na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Kulima pamba kunakula maji na mbolea, na kuisokota kunakula umeme wa kiwandani. Kwa hiyo ile mifuko ya semina tunayogawiwa kazini sasa naikataa kwa heshima. Ninao mmoja, unanitosha.

Ndani ya kikapu kuna kopo lenye mfuniko, la nyama na samaki. Hili ndilo linalohitaji maneno. Buchani usipowahi kusema, nyama imeshaingia kwenye nailoni nyeupe, na nailoni ikaingia kwenye mbadala. Mimi nasema mapema: "Kaka, pima kwanza, halafu nitilie humu." Mwanzoni alidhani siiamini mizani yake. Siku hizi akiniona tu ananyoosha mkono apokee kopo.

Kuna hotipoti ndogo ya mchana. Mama ntilie wetu hufungia wali kwenye vile vyombo vyeupe vya povu, vyepesi, upepo kidogo tu vimeshafika mtaroni.

"Mama, shikamoo. Nipakulie humu."

"Marahaba mwanangu, lete. Na mchuzi hautamwagika."

Kweli haumwagiki, na chakula kinabaki cha moto. Kijiko cha chuma nakifunga ndani ya leso, na leso yenyewe ndiyo ya kujifutia jasho kwenye daladala badala ya tishu.

Halafu chupa ya chuma yenye maji ya kuchemsha. Hii naishikilia sana, kwa sababu chupa za plastiki tunazonunua kwenye foleni nimeona zinakoishia. Masika yakikolea, Mto Msimbazi unafurika pale Jangwani hadi Barabara ya Morogoro inafungwa. Mchanga na tope vina sehemu kubwa, sikatai, lakini maji yakishuka nenda ukaangalie kilichonasa kwenye nguzo za daraja.

Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu seti ya vijiko na mirija ya mianzi, imesafirishwa kutoka mbali, bei yake inanunua kuku wawili. Nilimwambia afungue kabati la jikoni kwanza. Tulipata kijiko, uma na bakuli la mfuniko, na Jumatatu anaanza kwenda navyo chuoni.

Bado maziwa yananisumbua. Yule muuza duka wa karibu anayauza kwenye vipakiti tu. Nimesikia mtaa wa pili kuna mzee anayeleta maziwa kwa baiskeli alfajiri na kupima kwa kikombe; nimeshaosha kidumu cha lita mbili, kesho nitamsubiri getini.