Funguo za ghala

Funguo zilikuwa tatu: moja ya kufuli kubwa la ghala, moja ya ofisi, na ndogo ya kabati la stakabadhi. Nilizifunga kwa kamba ya katani nikazivaa shingoni, ndani ya shati, na hata kulala nililala nazo. Ilikuwa Oktoba 2017. Nilikuwa na miaka 27, na chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho, huku juu Newala, kilikuwa kimetoka kunipa umeneja baada ya misimu mitatu ya ukarani wa mizani.

Msimu ule ulikuwa mzito. Bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walileta korosho kwa kila namna, kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa ndoo kichwani. Zikifika zinamwagwa juu ya turubai na kuchambuliwa, zilizosinyaa na zenye madoa zinakwenda daraja la pili. Kisha zinapimwa, mkulima anaandikiwa stakabadhi, korosho zinatiwa kwenye gunia mpaka kilo 80, na mdomo wa gunia unashonwa kwa shazia. Gari likija, mzigo unapelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Mkulima halipwi siku anayopimiwa. Anarudi nyumbani na karatasi, na fedha anaipata benki baada ya mnada. Katikati hapo kuna kuaminiana tu, na hapo ndipo palipokuwa pakininyima usingizi. Nilikwisha kuona viongozi wa vyama wakiitwa wezi mbele ya watoto wao kwa sababu ya gunia mbili zisizoonekana.

Basi nikaamua kila kitu kipite mikononi mwangu. Nilikuwa na mzee wa mizani ambaye kazi hiyo aliianza mimi sijazaliwa. Bado nilisimama nyuma yake nikisoma kipimo upya. Nilikuwa na karani, binti wa kidato cha nne mwenye mwandiko uliopangika kama uzi wa cherehani. Stakabadhi alizoandika mchana nilizinakili upya usiku kwa tochi, kwenye daftari langu mwenyewe. Baada ya wiki mbili aliacha kuandika mpaka nimwambie aandike. Alikaa na mikono mapajani, kalamu mezani, foleni ya wakulima ikifika hadi kwenye mkorosho wa barabarani. Makuli wanne nao walikaa. Mimi nikakimbia kutoka mizani kwenda ofisini, ofisini kwenda ghalani, na jioni nikalalamika moyoni kwamba watu hawa hawajitumi.

Wiki ya kwanza nilikuwa nimewaita wote nikasema: "Kufuli hili asiguse mtu. Kwa sababu yoyote ile." Nilisema kwa sauti ya juu, ili wajue kwamba meneja ni mimi.

Mwanzoni mwa Desemba niliitwa Newala mjini kwenye kikao. Asubuhi ile tulikuwa tumeshapima na kushona gunia 43, zimepangwa juu ya mbao nje ya mlango. Nilitaka niziingize mwenyewe nikirudi, nikizihesabu. Nikamwambia mzee, "Baba, mimi natoka, mtaangalia angalia hapa," nikapanda bodaboda. Mtaangalia nini, sikusema. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Ruvuma na niliyaona. Kikaoni tuliambiwa tuzime simu, nikazima.

Mvua ya huku juu ikianza Desemba haipigi hodi. Nilikuwa bado kikaoni iliposhuka, na pale kijijini walikuwa na gunia 43 nje, mlango umefungwa, na yale maturubai mawili makubwa ya chama yako ndani ya ghala. Walinipigia. Walipiga tena. Mtoto mmoja akatumwa kukimbia nyumba hadi nyumba, na wanawake wakaja na walichokuwa nacho, mikeka, vipande vya nailoni, mwingine kang'oa bati la jiko lake. Karani alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni akakitandika juu ya gunia.

Nilifika saa kumi na moja jioni, nimelowa mpaka mfupani. Picha niliyoikuta ninayo mpaka leo. Mzee wa mizani alikuwa amelala kifudifudi juu ya rundo la gunia, mikono na miguu ameitanua, anakandamiza mkeka kwa mwili wake ili upepo usiuchukue. Ndevu zake nyeupe zilikuwa zinachuruzika maji. Aliponiona hakushuka mpaka nilipofungua mlango.

"Shikamoo baba," nilisema. Sikuwa na neno jingine.

"Marahaba, mwanangu. Leta turubai."

Tuliingiza mzigo gizani bila kusemezana. Gunia 11 zilikuwa zimelowa. Nilipomaliza kuhesabu nilimgeukia, na hasira ya aibu ikanitoka vibaya: kwa nini hamkuvunja kufuli? Mzee alikuwa anakamua shati lake. Alilikamua mpaka likaisha maji, akalikung'uta, akalivaa tena.

"Ulisema asiguse mtu," akanijibu. "Hatukugusa."

Hakusema kwa kejeli wala kwa kunisuta. Alinipa maneno yangu kama yalivyokuwa. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za ofisi na nilikaa sana.

Siku nne zilizofuata tulifungua gunia zile 11 na kuanika korosho juani, tukizigeuza kwa mikono, tukiziondoa kila wingu lilipopita. Hazikuharibika, namshukuru Mungu. Lakini mzigo ulichelewa mnada wa wiki ile, na malipo yakasogea mbele. Kuna mama alikuja mara tatu kuuliza, kijana wake anaingia kidato cha kwanza Januari na sare hajashona. Mara ya tatu alitazama ukutani muda wote nilipokuwa nikimweleza.

Jumatatu nilikusanya watu chini ya mkorosho. Kwanza niliomba radhi kwa mzee, na kwa karani, na kwa makuli. Kisha nikaanza kugawa kazi haraka haraka, wewe hiki, wewe kile, kama mtu anayetua mzigo uliomchosha. Karani akanyanyua mkono.

"Kaka, na nikikosea?"

Nilitaka kumwambia usikosee. Ulimi ulikuwa umeshafika hapo. Nikamtazama vizuri, nikaona anauliza kweli, anataka kujua mambo yatakuwaje. Ikabidi nianze upya, na safari hii nikaeleza. Kwa nini namba ya gunia lazima ifanane na ya daftari. Kosa gani analirekebisha mwenyewe, na lipi aniletee hata kama niko mezani nakula. Mvua ikitanda nani anafungua, bila kuuliza mtu. Nilivua kamba shingoni nikaifungua fundo. Ufunguo wa ghala nikampa mzee, wa kabati nikampa karani. Mzee aliupokea kwa mikono miwili.

Asubuhi ile nilikaa kando ya karani akiandika stakabadhi, mikono yangu nimeikunja nyuma ili isiende kwenye kalamu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Alipofika ya kumi na kitu akasimama kidogo, akavuta daftari langu, lile la usiku.

"Kaka, kuna hii. Kishina cha stakabadhi kinasema 64. Hapa umenakili 46."

Ilikuwa ya mzee mmoja wa kitongoji cha mbali, na orodha ya malipo niliiandaa kutoka kwenye daftari hilo. Kilo 18 zilikuwa zimempotea. Kwa bei ya msimu ule ni zaidi ya shilingi 60,000. Nilimuuliza ameiona lini. Akainama. Alikuwa ameiona wiki nzima.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua utanakili tena."

Tuliirekebisha kabla orodha haijatoka, na jioni tulimfuata yule mzee pamoja. Nilimwacha karani aeleze, kwani aliyeliona kosa ni yeye.

Wiki ya Krismasi gari lilikuja usiku. Nilisikia injini ikipanda kilima, nikaamka, nikavaa viatu, mkono ukaenda shingoni kutafuta kamba. Nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Kwa mbali niliwasikia makuli wakihesabu kwa kuimba, na sauti ya mzee ikiwajibu namba. Kulipokucha nilikuta gunia 120 zimekwenda, hati ya mzigo iko mezani imesainiwa na dereva, na juu yake karani ameweka jiwe dogo ili upepo usiipeperushe.