Siku moja maishani mwangu: gia iliyogoma kutoka P

Saa 12:15 asubuhi simu iliita, chai hata haijachemka. Mama mmoja mwalimu, mkazi wa Segerea, niliyewahi kumtengenezea stata ya gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari imenigomea tangu jana jioni. Inawaka vizuri kabisa, lakini gia haitoki kwenye P, ile ya kuegesha. Fundi wa mtaani hapa kaja usiku, anasema gia boksi imekufa, ishushwe. Laki nane."

Nikamwomba jambo moja tu kabla hajampa mtu yeyote hata shilingi: awashe swichi ya ufunguo, akanyage breki, na kijana wake asimame nyuma ya gari aangalie taa. Nikamsikia akimwita mtoto. Kimya kidogo, halafu sauti ya mtoto kwa mbali: "Haziwaki, mama. Zote."

Hapo nilijua gia boksi haina kosa.

Pembeni ya liva ya gia kuna kifuniko kidogo. Ukikibandua na kubonyeza kwa bisibisi ndani ya kile kitundu, liva inatoka P hata umeme ukiwa haufiki. Ningeweza kumwelekeza kwa simu akawahi kipindi cha kwanza. Sikumwelekeza. Gari isiyo na taa za breki kwenye foleni ya asubuhi ya Tabata, bodaboda wamekubana nyuma, ni hatari kwake na kwa vijana wa watu. Nikamwomba apande daladala, funguo amwachie kijana.

Saa 2:00 nilifika na mwanafunzi wangu. Gari ni stesheni wagoni ya Kijapani, otomatiki. Kabla ya kugusa chochote nilimweleza dogo umeme unavyopita, maana bila hiyo ramani kichwani utabadilisha vifaa hadi mteja afilisike. Umeme unatoka kwenye fyuzi iliyoandikwa STOP, unasubiri kwenye swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Ukikanyaga, swichi inafunga, umeme unakwenda taa za nyuma. Njiani waya mmoja unachepuka kwenda kwenye kiboksi kilicho chini ya liva. Kiboksi kikipata habari kwamba breki imekanyagwa na swichi ya ufunguo iko ON, kinapeleka umeme kwenye solenoidi, yaani sumaku ya umeme, pini inavutwa, unasikia "tak", liva iko huru. Kwa hiyo taa za breki na kufuli ya gia zinakula sahani moja. Taa zikiwaka lakini gia ikagoma, tafuta kwenye liva: solenoidi, kiboksi au waya zake. Zote mbili zikifa pamoja, anza na fyuzi na swichi ya breki.

Dogo akauliza kwa nini waliifunga gia namna hiyo. Swali zuri. Miaka ya 1980 kule Marekani watu walilalamika sana kwamba magari ya otomatiki yanaruka yenyewe wakiingiza gia. Ripoti ya mamlaka yao ya usalama barabarani ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba mara nyingi dereva alikuwa anakanyaga mafuta akidhani ni breki. Kufuli hii inalazimisha mguu uwe kwenye breki kwanza ndipo gia itoke P.

Kifuniko cha boksi la fyuzi kimeandikwa 10, yaani ampea 10, kwenye STOP. Niliyoichomoa ilikuwa ya 20, imeungua, plastiki yake imeingia weusi. Ndani ya kisahani cha majivu nikakuta nyingine mbili za 10 zimekatika. Kijana akathibitisha: mwezi uliopita gia iligoma mara mbili, fundi akaja, akabadilisha fyuzi, gari ikatembea siku kadhaa.

Hili linaniuma kila nikiliona. Fyuzi mbili zimekufa zikisema kuna shoti, na jibu la mtu ni kuweka kubwa zaidi. Ule waya ni mwembamba, umepita chini ya kapeti, miguuni pa watoto. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya, siku shoti ikiwa nusunusu, waya ndio utakaoungua kabla ya fyuzi.

Nikaweka mpya ya 10. Taa zikawaka, "tak", liva ikatoka. Dogo akaanza kukusanya spana. Nikamwambia tulia, kazi ndiyo inaanza. Gari ilikuwa inafanya kazi na sikujua fyuzi ilikufa kwa nini.

Saa 3:00 hadi karibu saa 5 tulimtafuta mwizi. Nilizima swichi ya ufunguo, nikachomoa ile fyuzi, mahali pake nikaunga globu ya kupimia yenye waya mbili. Kukiwa na shoti globu inawaka, na hakuna kinachoungua. Ila kwanza toa globu zote za breki, pamoja na ile ya tatu juu ya kioo cha nyuma. Globu iliyopoa inapitisha umeme kirahisi mno, kwa hiyo ukiziacha, globu yako ya kupimia itawaka na utahangaika na shoti isiyokuwepo. Nikakaza kipande cha mbao kati ya kiti na pedeli ili breki ibaki imekanyagwa, kwa sababu shoti inayoishi mbele ya swichi ya breki haionekani mguu ukiwa juu. Dogo akabaki anaiangalia globu, mimi nikaenda kusumbua waya.

Chini ya dashibodi: giza. Chini ya kapeti, pembeni mwa viti: giza. Nyuma ya taa ya kulia, ya kushoto: giza. Nikaufunga mlango wa nyuma. Giza. Nikaufungua, nikaufunga tena. Giza. Mara ya tatu dogo akapiga kelele, "Imewaka, bosi!"

Juu ya mlango wa nyuma, kwenye bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaobeba waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Kila mlango ukifunguliwa na kufungwa, waya zinakunjwa palepale, miaka nenda rudi. Niliuvuta ule mpira taratibu. Waya wa taa ya tatu ya breki ulikuwa umepasuka ganda, shaba imeingia ukijani, imebaki nyuzi chache. Mlango ukifungwa, siku nyingine waya unakaa pembeni salama, siku nyingine unalala juu ya bati. Kumbe jana mama alitoka sokoni, akaegesha, akashusha mchele, akafunga mlango. Alipotaka kutoka tena akakanyaga breki, fyuzi ikakatika hapohapo, gia ikabaki kwenye P.

Waya wa ethi jirani yake nao ulikuwa unaelekea kukatika. Nilibadilisha zote mbili kwa waya laini wa nyuzi nyingi, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Maungio niliyaweka mbali na mkunjo, tena yasikae sambamba, la kwanza liwe juu na la pili chini. Tepu peke yake pale haidumu. Jua la Dar linayeyusha gundi, mlango unamalizia.

Saa 7:00 tulikula wali maharage kwa mama lishe, tukarudi gereji. Mchana ulikuwa wa kawaida, honi moja na alteneta ya kubadilisha kaboni.

Saa 9:30 akaja kaka mmoja, betri yake kila asubuhi imekufa na ameshanunua mpya. Taa zake za breki zilikuwa zinawaka gari limezimwa. Kwenye kapeti chini ya pedeli nikaokota vipande vitatu vya plastiki, kila kimoja kidogo kama punje ya mahindi. Ni kile kikofia kinachobonyeza swichi ya breki pedeli ikiwa juu. Kimezeeka, kimesagika, na swichi inaamini breki imekanyagwa muda wote. Nikawasha swichi ya ufunguo, nikavuta liva bila kukanyaga chochote. Ikatoka. Kaka huyu ana mtoto wa miaka minne anayependa kukaa kiti cha dereva. Nilimwonyesha, akanyamaza kabisa. Kikofia kipya hakifiki hata bei ya chakula cha mchana.

Saa 11:20 jioni mwalimu alirudi, akanikuta kwake nawekea mpira wa bawaba kibano. Nilifunga na kufungua mlango wa nyuma mara kumi mbele yake, nikamwomba akanyage breki. "Tak." Akaachia, akakanyaga tena kusikiliza.

"Kwa hiyo gia boksi haikuwa na chochote?"

"Haikuguswa, mama."

Akanipa elfu 60, akaziomba zile fyuzi tatu zilizoungua. Anasema yule fundi wa mtaani ni kijana wa jirani, ana bidii, hajapata tu wa kumwelekeza, na Jumamosi atamleta gereji. Nimemwambia aje mapema, saa 2.