Kituo cha jamii shuleni: anza na chumba cha watoto

Australia, vituo vya jamii vya familia za wahamiaji na wakimbizi vingi vimewekwa ndani ya shule za msingi. Sababu ni nyepesi: mzazi asiyejua mlango wa ofisi yoyote ya serikali anafika getini kila asubuhi. Mtandao wa Community Hubs Australia umejengwa juu ya hilo.

Ukishapewa chumba, utashawishika kuanza na darasa la Kiingereza. Subiri. Wengi wanaokuja ni kina mama wenye watoto wasiofikia umri wa shule, na pasipo mtu wa kuwaangalia watoto hao, darasa hufa kabla muhula haujaisha. Tafuta vyumba viwili vinavyopakana, mama aweze kusikia mtoto akilia. Mtoto ambaye hajawahi kuachwa kwa mgeni hatazoea siku moja: kwanza mama akae naye, kisha atoke dakika 10, kisha 20. Ukiharakisha, mtoto atalia na mama hatarudi. Kila anayeangalia watoto, hata wa kujitolea, awe na kibali cha kufanya kazi na watoto. Katika jimbo la Victoria, wa kujitolea hawakilipii, ila ombi lipelekwe mapema.

Saa nazo zina siri yake. Kengele ikilia saa 3 asubuhi, anza saa 3 na robo. Ukiweka saa 4 na nusu, mzazi ameshafika nyumbani, na kumtoa tena ni kazi.

Mtoto wa shule asifanywe mkalimani, hasa mazungumzo yakigusa afya, pesa au ugomvi wa nyumbani. Jirani naye ana hatari yake, maana jamii ni ndogo na maneno husambaa. Tumia wakalimani wa simu wa TIS National, huduma ya ukalimani ya serikali ya Australia, namba 131 450, wapo saa 24. Uliza lugha kwa usahihi: kumwita kila aliyetoka Afghanistan msemaji wa Kidari ni kosa la kila siku, wakati yeye huenda ni wa Kihazaragi au Kipashto. Uliza pia kama mama anataka mkalimani mwanamke.

Kuhusu fomu ya kujiandikisha: jina, simu, lugha, mzio wa mtoto, mtu wa kupigiwa kukiwa na dharura. Basi. Swali la viza likiwa juu ya karatasi, wapo watakaoirudisha mezani bila kuijaza na kuondoka kimya kimya. Linalohusu viza liulizwe siku mtu anapohitaji huduma inayolidai, faraghani.